Saiwa Ngware: Tulia Tuli, Nzohe Atajitokeza Mwenyewe

Ngware ya saa kumi na moja, steji ya Kitale. Baridi ya huku inapenya jaketi mpaka kwa mifupa. Konda anaita "Makutano! Kapenguria!" na pumzi inamtoka mdomoni kama moshi. Tuko mbogi ya wanne: mimi, bakoki wangu wawili wenye walitoka Bungoma jana jioni wakadoz kwa keja yangu Mitume, na dem mmoja wa Endebess mwenye anajua ndege kwa sauti tu. Kwa bag kuna chapo sita, mayai za kuchemsha, flaski ya chai, simu nne na darubini moja ya kuazima. Kamera kubwa hatuna, na dinga hatujakodi. Lakini hii ni safari kamili.

Huku kwetu ukitaja safari, msee anaona Mara: Land Cruiser ya paa wazi, simba amelala kwa nyasi, na bei yenye inakufanya ufunge simu. Mara ni poa, na siku moja tutafika. Lakini mi nimekulia Bungoma na nimehasoli Kitale miaka tatu, na hiyo yote ilipita kabla nijue kwamba mat moja na nduthi moja zinakufikisha kwa mbuga nzima ya taifa. Inaitwa Saiwa Swamp, kilomita ishirini na kitu kutoka Kitale, ukishukia njia ya Kipsaina. Ndio ndogo kuliko mbuga zote za taifa Kenya, kama kilomita mraba tatu hivi. Serikali iliitenga 1974 juu ya mnyama mmoja. Jina lake ni nzohe. Watalii wanamwita sitatunga.

Mnyama wa maji

Nzohe ni swara, lakini ukimweka na swara wa Mara hawawezi elewana. Kwato zake ni ndefu, na akikanyaga zinapanuka ndio asizame kwa matope. Manyoya yake yako na mafuta, maji haiingii. Akishtuka, hakimbilii nchi kavu kama wengine. Anaingia kwa maji, anazama pole pole, anaacha pua tu nje, na unaweza pita mita chache kando yake bila kujua. Dume ni wa rangi ya kahawia nzito, pembe zimejipinda. Jike ni mwekundu mwekundu, amechorwa mistari na madoa meupe. Kwa Kenya hawako kwingi. Wako Kingwal kule Nandi, wako kwa mafunjo ya Yala, na wako hapa, kwa bonde kadogo kenye kamezungukwa na mahindi ya watu wa Trans Nzoia.

Ukifika gate, kumbuka hizi mbuga za KWS hazitaki kesh. Unalipa kwa eCitizen, na ubebe kitambulisho ndio ulipe bei ya mwananchi. Ndani hakuna gari. Unatembea kwa njia ya msitu, alafu kwa daraja za mbao zenye zimepita juu ya matete, mpaka ufikie mnara wa mbao wa kuchekia wanyama.

Si tulipanda huo mnara na mdomo mob. Bakoki mmoja alikuwa anadai kuwekelea ngoma, mwingine anauliza hawa wanyama hutoka saa ngapi. Askari mwenye alikuwa ametusindikiza akatucheki, akauliza kwa upole, "Mmekuja kumwona, ama mmekuja kumwambia mmefika?"

Tukanyamaza wote.

Dakika kumi za kwanza unasikia tu moyo wako na baridi kwa vidole. Ya ishirini unaanza kusikia vyura. Alafu unashtuka kwamba msitu umekuwa ukibonga muda wote na we ndo ulikuwa unauziba. Kuna ndege anaita kutoka kwa mkuyu, mwingine anamjibu ng'ambo. Kuna ng'ombe wa mtu nyuma ya fensi, na redio ya mtu inasoma habari za asubuhi. Mbuga hii iko katikati ya watu kabisa. Jua likachungulia juu ya milima ya Cherangani, ukungu ukaanza kupanda kutoka kwa maji, na dem wa Endebess akanigusa bega bila kusema kitu. Akaonyesha kwa macho.

Kulikuwa na matete yalikuwa yanatingika, na upepo haukuwa.

Sikio likatoka, alafu jicho, alafu alama nyeupe ya shavu. Alikuwa jike, amesimama kwa maji ya magoti, anakula vichwa vya matete kama mtu mwenye hana deni. Nikapiga picha nane. Saba ni matete tupu. Moja ndo ilishika: sikio, jicho, na huo weupe wa shavu. Hakukimbia. Alirudi tu ndani, na matete yakafunga nyuma yake kama pazia.

Life ya mtaa inatufunza kukimbiza: kimbiza mat, kimbiza doo, kimbiza mdosi akulipe. Na ni ukweli, usipokimbiza unalala njaa. Lakini pale juu nilielewa kuna vitu ukizikimbiza ndo unazipoteza. Nzohe ameishi hii miaka yote juu anajua kutulia. Ukitaka kumwona, lazima utulie kuliko yeye. Mtaani "kaa rada" ni kujua nani ako nyuma yako. Huku "kaa rada" ni kufungua maskio mpaka ujue tete gani inatingika bila upepo.

Wengine wenye wanajua kutulia

Usidhani ni nzohe pekee. Saiwa ni mahali pa kucheki tumbili wa De Brazza, na Kenya nzima hapatikani mahali kwingi. Ako na kipaji cha uso cha rangi ya machungwa na ndevu nyeupe ndefu, anakaa kama mzee wa kijiji kwa baraza. Akihisi hatari anaganda kwa tawi, hata masaa. Sisi tulimpita mara mbili. Mara ya tatu ndo mmoja wetu aliona kwamba "lile jani jeupe" lilikuwa kidevu.

Kuna mbega mweusi na mweupe, mkia kama ufagio. Kuna fisi maji kwa mto, kuna pongo kwa vichaka. Ndege ni zaidi ya aina 300. Korongo mwenye taji ya dhahabu kichwani hutembea hapa wawili wawili, na inafaa umcheki vizuri juu dunia imemweka kwa orodha ya ndege wenye wako hatarini. Alafu kuna turako wa Ross. Akikaa kwa mti ni ndege wa bluu nzito, mdomo wa njano. Akiruka, bawa linafunguka na ndani ni nyekundu ya moto. Hiyo rangi iko na shaba ya ukweli ndani yake, madini ile ile ya waya za stima. Ndio maana picha yake lazima uingoje aruke. Hakuna njia ya mkato.

Simu yako inatosha

Wasee wengi huniambia watapiga picha za wanyama wakishapata kamera. Mi nawaambia anza na yenye iko kwa mfuko. Na anzia karibu: Kitale Museum, pale pale kwa tauni, iko na njia ya miguu kwa msitu wa asili nyuma. Hiyo museum ilianza 1926 na Mzungu mmoja anaitwa Stoneham, mwanajeshi mwenye alikuwa anakusanya vipepeo na vitabu.  Yeye alikuwa anadunga kipepeo pini. Sisi tunabeba picha, na kipepeo anaenda zake.

Mtaani, kuchoma picha ni kujiaibisha mbele ya watu. Kwa msitu, picha huchomwa na vitu tatu: flashi, kelele, na kumkaribia mnyama. Zima flashi. Zima sauti ya kamera. Vaa rangi ya majani ama ya udongo, na wacha ile pafyumu yako kwa keja, juu mnyama anakunusa kabla akuone.

Alafu shika hizi. Usivute na vidole mpaka mnyama akuwe maviraka viraka. Piga hivyo hivyo mbali, utaikata baadaye. Gusa skrini penye mnyama ako na ushikilie mpaka simu ifunge hapo, alafu teremsha mwangaza kidogo. Kwa mbega hii ni lazima, juu simu ikiona ule weusi wake mwingi inaongeza mwanga, na manyoya meupe yanaungua yanabaki kama karatasi. Egemeza simu kwa mbao ya mnara ama kwa shina la mti, mkono hutetemeka na baridi hata kama hujioni. Na kama mko na darubini, weka jicho la simu kwa jicho la darubini, mtu mmoja ashike, mwingine apige. Picha yetu ya nzohe ilitoka hivyo. Inataka watu wawili wenye wanaelewana na wanapumua pamoja, na hiyo peke yake ni raha.

Mwanga wa maana ni wa ngware na wa jioni. Saa sita ya mchana jua inapiga wima, kila kitu inakuwa bapa, na wanyama wenyewe wameingia kivulini. Hiyo ni saa ya chapo na chai. Takataka rudi nayo. Na nyani ama tumbili usimtupie chakula, hata akikuangalia na macho ya huruma. Ukimzoesha mkate leo, kesho atanyang'anya mtoto wa mtu, na kesho kutwa ataitwa mharibifu.

Ndovu wa mapangoni

Wikendi ingine tulishika mat ya Endebess, alafu nduthi mpaka gate ya Chorlim. Huu ni Mlima Elgon, wenye wazee wetu wanauita Masaba. Ni volkano ya kitambo yenye ilizima. Mbuga ya upande wa Kenya iliwekwa 1968, kilomita mraba 169, na miti ya podo na teak ya Elgon yenye ukiangalia juu kofia inaanguka. Huku kwa miguu unatembea na askari mwenye bunduki, juu nyati wako na ndovu wako.

Stori kubwa ya Elgon ni mapango: Kitum, Makingeny, Chepnyalil, Ngwarisha. Kitum inaingia ndani ya mlima kama mita 200. Mvua ya hapa imeosha chumvi kwa udongo kwa miaka isiyohesabika, kwa hivyo majani yenye ndovu anakula hayana chumvi ya kumtosha. Sasa ndovu anafanya nini? Usiku, anaingia pangoni, kwa giza tororo, anapapasa na mkonga hatua kwa hatua, mama mbele na mtoto nyuma. Akifika kwa ukuta, anachimba mwamba na pembe, anavunja vipande, anatafuna. Mwanasayansi Ian Redmond alianza kuwafuatilia miaka ya themanini, na BBC walikuja na kamera za kuona gizani wakawaonyesha dunia kwa Life of Mammals, 2002.

Sisi hatukuona ndovu hata mmoja, tuliona kazi yake. Ukuta wa Kitum umechanwa mistari kwa mistari, mingine iko juu ya kichwa changu, kama mtu amepitisha jembe. Niliweka kiganja ndani ya alama moja na ikameza vidole vyangu vyote. Hiyo ndo picha napenda zaidi kwa simu yangu: mkono wangu ndani ya alama ya pembe. Mnyama hayuko kwa picha, lakini yuko.

Na unajua ilibaki kidogo asikuwe. Kenya ilikuwa na ndovu kama 167,000 mwaka wa 1973. Kufika 1989 walikuwa wamebaki kama 16,000, na wa Elgon pia waliumizwa na majangili. Uwindaji ulikuwa umepigwa marufuku tangu 1977. Julai 1989, Rais Moi akachoma tani 12 za pembe mbele ya dunia nzima. Kwa hivyo ukipiga picha ya ndovu, zima ile kitu ya kuonyesha mahali kwa simu kabla uiposti. Watu wazuri wanapenda picha zako, lakini si wao pekee wanaziangalia. Na droni usirushe bila ruhusa.

Kingine cha kukaa rada ni popo. Mwaka wa 1980, Mfaransa mmoja mwenye alikuwa anafanya kazi huku western alikufa kwa virusi vya Marburg. 1987, kijana wa Kidenmaki akafa na ugonjwa huo huo. Wote walikuwa wameingia Kitum. Virusi hivyo hubebwa na popo wa matunda. Kwa hivyo usiguse kinyesi cha popo, usiingie mbali, na flashi usiwapige nayo. Msikize askari wa mbuga, na picha zako piga pale mlangoni penye mwanga unaingia. Ndio penye ukuta unaonekana vizuri pia.

Upande wetu wa Bungoma

Wa Bungoma wasikae wakifikiria mlima ni wa Kitale. Ukipanda kutoka Kimilili mpaka Kapsokwony, uko kwa bega la mlima ule ule. Juu zaidi kuna Chepkitale, nyasi za baridi na mianzi, penye ndovu na nyati hupita. Na kuna watu: Waogiek, wenye wamekuwa wakifuga nyuki na ng'ombe hapo kutoka zama za mababu. 2000 ardhi yao iligeuzwa hifadhi ya wanyama. Walienda kortini, na 2022 mahakama ya mazingira na ardhi ya Bungoma ikawapa haki yao.

Naitaja juu sisi wa simu tuna tabia moja mbaya: tukifika msituni tunapiga picha kila kitu, hata mzee ameketi kwa mlango wake, kama ni sehemu ya mandhari. Mtu anasalimiwa kwanza. Sema chamgei, ama mulembe, kaa chini, kunywa chenye unapewa, alafu uulize. Akisema zi, ni zi. Na ukweli ni kwamba msee mwenye amelelewa na msitu atakufunza kuona kitu yenye kamera ya bei yoyote haiwezi: huyu alipita hapa usiku, huyu alikuwa na mtoto, huyu amechechemea.

Maji ni yale yale

Mto Saiwa unashuka unaingia Nzoia. Nzoia inapita Webuye, inaanguka Nabuyole, penye sisi wa Bungoma tumepigia picha za Krismasi tangu tuzaliwe, alafu inaenda mpaka Ziwa Victoria. Kwa hivyo kale kabonde kadogo ka nzohe ni kama figo. Kanachuja maji yenye watu wa chini watakunywa.

Na figo inaumwa. Ukiwa juu ya mnara unaona vile shamba zinakaribia. Mvua ikinyesha, udongo na mbolea vinateremka kwa matete. Karatusi zikipandwa kando ya mto zinakunywa kama hazina kesho. Mbuga ni kilomita mraba tatu tu, na maji yake yanatoka nje ya fensi. Askari hawezi linda mto wenye unaanzia kwa shamba la mtu. Mwenye shamba ndo anaweza, na watoto wa mwenye shamba, ndo sisi. Kwa hivyo kabla ya kuongeza mstari mmoja wa mahindi kwa ukingo wa mto, bonga na mbuyu nyumbani. Mwambie aache nyasi na miti ya kienyeji hapo. Hiyo ni safari pia.

Jumapili baada ya ile safari ya Saiwa nilipitia Kamukuywa kumwona kukhu, mama ya babangu, karibu na mto penye alizaliwa na akaolewa. Baada ya chai nikamwonyesha simu. Nikamwambia, kukhu, cheki huyu.

Akaishika na mikono miwili. Akaileta karibu na macho, akaipeleka mbali, akaileta karibu tena. Nilikuwa najipanga kumweleza ni swara gani, ako na kwato gani. Akaniwahi.

"Huyu alikuwa hapa chini," akasema, akaonyesha mtoni na kidevu, penye saa hii ni nduma na karatusi. "Tulikuwa wasichana. Tukienda kuteka maji asubuhi, matete yanatingika. Tunajua ni yeye. Mama alikuwa anatuambia tusipige kelele, tumwache anywe."

Akanyamaza. Kidole chake kikapita juu ya lile sikio kwa skrini, pole pole, kama anampanguza maji.

"Kwani bado yuko, baba?"

Nimepiga picha mob kwa hii simu: za sherehe, za luku, za mbogi. Hakuna hata moja imewahi kuulizwa swali kama hilo. Nikamjibu yuko, kukhu, nimemwona Jumamosi, alikuwa anakula. Akatabasamu na macho yakalowa, na akaniomba nimwachie simu kidogo.

Tunarudi Saiwa mwezi ujao. Yeye ndo atakaa mbele kwa mat.